Radhi ya Mwenye Chemchemi

Nyumba ya Tawakali ilianza kuharibika siku ilipoacha kunuka.

Kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa ikinuka ngozi. Tawakali alikuwa mnunuzi wa ngozi pale Dongobesh, za ng'ombe, za mbuzi, za kondoo. Aliziwamba uani kwenye fremu za miti, akazipakia kwenye malori ya Arusha, na harufu yake ikawa imeingia kwenye kuta, kwenye mito ya kulalia, hata kwenye pilau ya Idi. Wageni walipenda kukaa karibu na mlango na kusifia upepo. Mimi nimelala katika nyumba za wageni kutoka Kigoma hadi Lindi, kunguni wa kila wilaya wananifahamu, na nakwambia harufu ya ngozi mbichi haiondoki kwa ufagio. Lakini Jumatatu moja, miaka miwili kabla ya vita vya Hitla, mkewe Shumbana aliinua kichwa kutoka kwenye sanduku la bati alilokuwa akipanga nguo, akavuta pumzi, na hakusikia kitu.

Akadhani ana mafua. Akanusa kitunguu, kitunguu kilinuka. Akatoka uani, akainamia ngozi iliyochunwa jana. Nayo ilinuka sawasawa, Mungu aisamehe. Akarudi chumbani. Hakuna. Palikuwa na harufu ya udongo uliolowa tu, kama pale mtu anapochimba kisima na kuanza kukaribia maji.

Walikuwa wakifunga nyumba kwa mwaka mzima. Walikuwa wanakwenda hija. Lori lingewachukua Alhamisi asubuhi, pamoja na mahujaji wengine wanne kutoka Katesh walioongozwa na mzee Hatibu, baba mdogo wa Shumbana. Kutoka hapo Arusha, kutoka Arusha treni, kutoka treni meli, na kurudi Mungu akipenda. Cheti cha safari cha Bwana Shauri, mtawala wa Kiingereza pale Mbulu, kilikuwa tayari, kimeandikwa majina mawili. Na safari hii ilikuwa ya Shumbana kabla ya kuwa ya Tawakali. Ndiye aliyekata na kukunja ihramu za mumewe kwa mkono wake. Ndiye aliyekariri majina ya stesheni zote kwa mpangilio, kama wengine wanavyokariri majina ya watoto wao. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amevumilia harufu ile kwa kujiambia kwamba iko siku ataipa mgongo.

Sasa, anayekwenda hija sharti aombe radhi kwa kila aliyemkosea kabla hajaondoka. Watu wengine huifanya kazi hiyo wakiwa wamekunja uso kama wanaong'olewa jino. Tawakali aliifurahia. Alipita nyumba kwa nyumba na leso mkononi, akalia kwa fundi seremala, akalia kwa muuza chumvi, akamwomba radhi bwana mmoja kwa jambo ambalo bwana huyo hakuwa analijua, wakagombana upya. Na Ijumaa iliyotangulia Jumatatu ile, baada ya swala, akasimama mbele ya msikiti mdogo wa udongo, akaona watu wamejaa, sauti ikampanda.

Akasema yeyote ambaye yeye Tawakali amemkosea, anayeonekana na asiyeonekana, wa juu ya ardhi na wa chini yake, aje nyumbani kwake amweleze kosa lake. Mlango uko wazi.

Watu waliguswa. Mwalimu Selemani, aliyeswalisha pale, hakuguswa. Alimshika kiwiko akamwambia taratibu, "Tawakali, wanaoonekana walikuwa wanatosha."

Siku nne zikapita. Jumanne ukungu ulishuka Dongobesh, ule ukungu wa Mbulu unaofanya jogoo awike adhuhuri kwa kukosa uhakika. Tawakali alikuwa kwa seremala kufuata kufuli. Shumbana alikuwa amepiga magoti kwenye sanduku aliposikia hodi, sauti ya mtu mzima, ya adabu. Akasema karibu, akatoka huku akijifuta mikono.

Kwenye benchi la sebuleni alikuwa ameketi bibi kizee aliyevaa vazi la ngozi la wanawake wa Kiiraqw, limelowa kuanzia magotini kwenda chini. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye sakafu na hayakuwa yakienea. Yalikuwa yakizama palepale, kana kwamba sakafu ina kiu.

Shumbana akampigia magoti. "Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia.

Unaweza ukatukanwa Dongobesh na ukalala usingizi mzuri. Lakini shikamoo isiyoitikiwa humwacha mtu amepiga magoti, hajui ainuke au abaki. Shumbana alibaki. Akasema tena, bibi akamtazama tu, kwa macho yasiyopepesa, na ndipo Shumbana alipotambua harufu ya chumbani inatoka wapi.

"Nimeitwa," bibi akasema.

"Na nani, bibi?"

"Na mwenye nyumba. Nije nimweleze alichonikosea."

Shumbana alisema mwenyewe atarudi sasa hivi, ngoja nikutilie chai, maana mwanamke aliyelelewa vizuri huweza kutia chai hata nyumba ikiungua. Aliporudi na kikombe benchi lilikuwa tupu, limelowa, na chini yake pamewekwa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa majani. Chumbani sanduku lilikuwa wazi. Nguo za Tawakali zilikuwa mahali pake. Nguo zake yeye zote zilikuwa zimetolewa, zimekunjwa vizuri kuliko alivyozikunja yeye, na kurudishwa kwenye rafu, zikiwa zimelowa maji.

Tawakali aliposimuliwa hakucheka. Hilo ndilo lililomtisha mkewe, kwa sababu Tawakali alikuwa akicheka hata mazikoni. Alikaa kitako juu ya mkeka uliofungwa kamba akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na goti lake, kwamba anamfahamu huyo bibi ingawa hajawahi kumwona.

Chini ya mteremko, nyuma ya nyumba, kulikuwa na chemchemi. Mwaka wa kwanza alipohamia, Tawakali aliloweka ngozi zake mle, akamwaga chumvi gunia kwa gunia. Jirani yake Hermani, Mwiraqw mwenye shamba la mtama ng'ambo ya njia, alimjia akamweleza kwamba maji yale yana mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana watoto wadogo. Kama anataka kuyatumia, wazee wa pale watamwombea kwa asali na kondoo. Tawakali akamuuliza kama anataka yeye, Mwislamu, ampigie chura magoti. Watu walicheka wiki nzima. Mwezi wa tatu chemchemi ikakauka. Siku ilipokauka alikuta kwenye tope lililopasuka vitu vidogo saba, vimekauka, vimejikunja kimoja juu ya kingine. Alivifukia kwa jembe. Hakumwambia mtu.

"Vitu gani?" Shumbana akanong'ona.

"Vilikuwa na vidole," Tawakali akasema.

Jumatano alfajiri Tawakali aliamua kwamba lori la Alhamisi ni mbali mno. Alitia sanduku begani, akamshika mkewe mkono, akasema watakwenda kwa miguu hadi Mbulu wakalingoje huko. Wakatoka mlangoni, wakavuka uani katikati ya fremu za ngozi, na walipofika fremu ya mwisho Tawakali akakohoa. Akakohoa tena, sanduku likamwanguka, akashika koo, na maji yakaanza kumtoka mdomoni na puani, maji ya chumvi yenye tope, mengi kuliko tumbo la mtu linavyoweza kubeba, akapiga magoti akiyatapika na bado yakija, macho yamemtoka, mikono ikitapatapa hewani kama ya mtu anayezama ziwani, na pale palikuwa pakavu, hata umande ulikuwa haujashuka, na Shumbana naye akahisi kifua kikijaa baridi kutoka chini kwenda juu, akamkamata mumewe kwa kanzu akamburuta kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kisigino chake kilipogusa kizingiti na maji yakakatika.

Mwalimu Selemani aliletwa. Alisoma kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na kila alipogeuza ukurasa aliukuta unaofuata umelowa. Mwishowe akafunga kitabu chake kwa heshima, akasema yeye anaweza kumfukuza aliyeingia kwa nguvu. Huyu alikaribishwa, tena mbele ya msikiti, na yeye Mwalimu alikuwepo akisikia. Akawashauri wamwite Hermani.

Hermani alikuja, lakini hakuvuka njia. Alisimama ng'ambo, kofia mkononi, akazungumza nao wakiwa mlangoni. Alikuwa amebatizwa na alikuwa na mke aliyeitwa Imakulata aliyemkataza mambo haya, kwa hiyo alieleza kama mtu anayeeleza mambo ya ukoo wa mwingine. Alisema kwao nyumba iliyofiwa na mtoto hujitenga. Hawaendi kwa mtu, mtu haendi kwao, hawachangii maji wala moto na watu, mpaka muda wao uishe. Wanaita metimani. Mwenye chemchemi alikuwa katika kujitenga kwake miaka yote hii, na hakuna aliyemgusa, kwa hiyo hakumgusa mtu.

"Mtu aliye ndani ya metimani haitwi," Hermani alisema. "Ukimwita akaingia kwako, msiba wake umeuchukua wewe. Sasa iliyofiwa ni nyumba yako, mzee Tawakali. Ndiyo maana sivuki. Usinione nina kiburi."

Shumbana akauliza mtu anatokaje humo. Hermani akazungusha kofia yake mara mbili. Akasema bibi ameacha kibuyu. Mmoja wao akinywa, atakuwa amekubali kukaa badala yake, ndani ya nyumba ile, mwaka mmoja, bila kuvuka kizingiti. Mwingine atafunguliwa. Asipokunywa mtu, hatatoka mtu.

"Na bibi mwenyewe?" Shumbana akauliza.

"Akipata wa kukaa badala yake, muda wake umekwisha," Hermani akasema. "Ataweza kutembea kama watu wengine."

Hilo hawakulizingatia. Walikuwa wanatazamana. Mwaka mmoja ndio ulikuwa mwaka wa safari.

Nataka nimtendee Tawakali haki, kwa sababu nimeshakuwa mwoga katika nchi tano na najua jinsi uoga unavyoanza kwa maneno mazuri. Alisema papo hapo, kabla mkewe hajafungua mdomo, kwamba kosa ni lake na atakayekaa ni yeye. Shumbana aende na baba yake mdogo, amwombee huko. Alilia bila leso. Naamini alikuwa anasema kweli, kama mtu anavyosema kweli tumbo likiwa limeshiba na hatari iko kesho.

Shumbana alimpenda siku ile kuliko siku ya arusi. Alishinda akimwandalia mwaka wa upweke. Akamwonyesha debe la unga lilipo, akamfundisha kusonga ugali, akauunguza; akamfundisha tena, akauunguza upande wa pili. Walicheka, kwa sauti ya chini. Alimpangia na Hermani chakula kiwe kinasogezwa hadi mlangoni kwa mti mrefu. Kisha akachukua nguo zake kutoka kwenye rafu, zimekauka, akazipanga upya kwenye sanduku, na safari hii hazikutolewa. Usiku wakalala. Ni Shumbana tu aliyelala, kama ilivyokuja kujulikana.

Alhamisi asubuhi lori lilisikika likipanda kilima. Kibuyu kilikuwa bado chini ya benchi. Shumbana alikuwa ameshavaa, baibui jipya liko begani, alipomwona mumewe akitoka jikoni na kikombe mkononi.

"Leo nimekutilia chai mimi," Tawakali akasema.

Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi. Shumbana akaguswa hadi machozi. Alipiga funda la kwanza, akaonja chumvi, akajiambia maskini huyu hata sukari haijui, na kwa huruma, ili asimvunje moyo siku ya kuagana, akanywa kikombe chote.

Tawakali alimtazama mpaka koo lake lilipotulia. Kisha akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Ningekufa humu, mama," akasema. "Wewe una subira. Nitakuombea. Wallahi nitakuombea sana."

Akainua sanduku. Shumbana alimfuata bila kuelewa, akafika kwenye kizingiti, na pale kifua chake kikajaa. Akaegemea mwimo wa mlango akitema maji, akamwona mumewe akipita kati ya fremu za ngozi, ya kwanza, ya pili, ya mwisho, bila kukohoa, na akaona jinsi hatua zake zilivyokuwa nyepesi baada ya hapo.

Hakulia. Alirudi ndani akakaa kwenye benchi; kibuyu chini yake kilikuwa kitupu. Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imemjaa puani, na alipogeuza shingo, bibi alikuwa amesimama chumbani karibu na kitanda, vazi lake la ngozi limeanguka miguuni, naye analifungua baibui jipya lililokuwa limemdondoka Shumbana mlangoni, akilinyoosha mikunjo kwa kiganja, polepole, kama mtu aliyefungiwa muda mrefu na sasa hana haraka ya kutoka kwa sababu anajua hakuna wa kumzuia.

"Umenipokea," bibi akasema. "Ahsante, mwanangu."

"Sikujua," Shumbana akasema. "Alinidanganya."

"Najua. Mimi pia hakunipigia hodi."

Akavaa baibui kichwani. Lilipopita usoni lilikuwa juu ya mikunjo ya kizee, na lilipoteremka lilikuwa juu ya mashavu ya Shumbana, kovu dogo la Shumbana kwenye nyusi, midomo ya Shumbana. Macho tu ndiyo yalichelewa kidogo kupepesa, kisha nayo yakajifunza. Akachukua furushi la mkono. Akatamka majina ya stesheni mbili tatu, kwa kujaribu, na hakukosea.

"Unakwenda wapi?" Shumbana akauliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Aliniita nimweleze alichonikosea. Habari yenyewe ni ndefu. Walikuwa saba, na kila mmoja ana yake, jinsi alivyozaliwa na jinsi alivyokauka. Inataka mwaka." Akajifunga baibui kidevuni. "Na baba yako mdogo usimwogopee. Sina neno na mtu mwingine. Huyo nitambebea hata mkeka wake."

Akatoka. Akavuka uani, na kila alipokanyaga paliacha maji.

Shumbana akaenda dirishani. Lori lilikuwa limesimama njiani, injini inawaka, watu wamejaa kuaga, Mwalimu Selemani akisoma dua. Tawakali alikuwa ameshapanda nyuma, amekaa juu ya magunia, anawaeleza kwa sauti ya huzuni jinsi mkewe alivyojitolea kubaki, jinsi alivyomsihi abadili nia na akakataa, mwanamke wa ajabu, na mzee Hatibu akamkatiza akisema mbona huyo hapo anakuja.

Tawakali akageuka.

Yule aliyevaa uso wa Shumbana akapokewa mkono na baba yake mdogo, akapanda, akampa kila mtu salamu yake kwa adabu, akaketi ubavuni mwa mumewe na kumwekea mkono gotini. Suruali ya Tawakali ikaanza kulowa pale mkono ulipokuwa. Akajaribu kusimama. Akajaribu kusema. Kilichotoka kilikuwa kilio, na watu wakasema mashallah, huyu moyo wake umeshafika kabla yake. Akang'ang'ania ubao wa lori akitaka kushuka, mahujaji wawili wakamshika mabega kwa upendo, wakamkalisha, wakamwambia kila mtu huona uchungu kuacha nyumba yake, utapita. Ng'ambo ya njia Hermani alivua kofia na kutazama chini.

Ndipo macho ya Tawakali yalipofika dirishani, na kumkuta mkewe.

Walitazamana. Shumbana alikuwa na sauti yake yote. Akiita mara moja tu, watu wangegeuka, wangewaona Shumbana wawili, lori lingetawanyika na mumewe angeshushwa. Tawakali naye alilijua hilo. Midomo yake ilikuwa ikimwomba, bila sauti, radhi, neno lilelile aliloliomba Dongobesh nzima na kumruka yeye.

Shumbana akavuta dirisha, taratibu sana, lisipige kelele, akalitia komeo.